Sifa za Anayesikiliza Kilima

Nilimkuta kando ya mto Tiva, Kitui, wakati wa kiangazi, mto wenyewe ukiwa mchanga mtupu. Alikuwa kijana wa shahada ya uzamivu. Alikuwa amefunga kisanduku kidogo kinachotuma ujumbe kwenye shina la mgunga, kimo cha mtu mzima, kisha akawa anakiacha nyuma taratibu, kipokezi katika mkono mmoja, daftari katika mwingine. Alitembea hatua hamsini, akasimama, akangoja, akaandika tarakimu, akasonga tena. Watoto waliokuwa wakichimba maji mchangani walimtazama kidogo, wakarudia kazi yao. Nilipomuuliza anatafuta nini, alivua kofia kwanza. “Shikamoo mzee. Natafuta mahali ujumbe unapofia.”

Ukambani hatuna uhaba wa mafundi. Mchonga vinyago wa Wamunyu kazi yake huwekwa dirishani mjini, wageni wakaisifu. Mjenzi wa bwawa la mchanga huonyeshwa kwa kidole, maana watu wanakunywa maji yake. Lakini anayeufanya ujumbe uvuke bonde bila waya, kwa betri isiyoweza hata kuwasha taa ya chumbani, kazi yake ikifaulu haionekani kabisa. Huonekana siku ikiharibika, na siku hiyo hupata lawama. Ufundi wa namna hii unahitaji mtu wa kuusemea, nami nimejitwika kazi hiyo leo.

Kijana alinieleza kwamba vipimo vya kiangazi ni nusu tu ya kazi. Ilimlazimu arudi baada ya mvua za vuli, apite njia ileile, asimame penye alama zilezile, aandike upya. Mkaaji wa Kitui anaelewa sababu bila kufundishwa. Mwezi wa Septemba migunga na mibuyu husimama mifupa mitupu, unaona hadi ng'ambo. Ikifika Desemba, mbuzi wako akiingia kichakani humwoni tena. Jani bichi limejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Njia iliyopitisha ujumbe vizuri wakati wa ukame huziba nchi inapostawi. Basi mtandao uliopangwa na mtu aliyefika mara moja, akapima vichaka vikiwa vikavu, akaondoka na gari lake, utanyamaza katika msimu uleule ambao mkulima ana habari nyingi za kupokea na kutoa. Nililipenda jambo hilo sana: msomi wa kompyuta analazimika kuishi kwa kalenda ya mwenye jembe.

Na ujumbe wenyewe ni mdogo kuliko tunavyodhani. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Ukienda mbali mara mbili inabaki robo. Ukienda mara kumi inabaki sehemu moja ya mia, na hapo ni penye anga wazi, bila kilima wala jani. Simu iliyo mbali na mlingoti huweza kushika sauti ya mtu ilhali nguvu inayoifikia ni wati moja iliyogawanywa mara trilioni mia. Katika kiasi hicho kidogo mno ndimo fundi anamofanyia kazi. Anajua kwamba masafa ya chini, megahezi 900 kwa mfano, hufika mbali na huinama kidogo ukingoni mwa kilima, na kwamba ya juu hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka mapema. Anajua pia kivuli cha uwanda wa Yatta, ile lava iliyoganda ikanyooka karibu kilomita 300, ikalaza ukuta wake sambamba na mto Athi unaotenganisha Kitui na Makueni. Kwake ukuta huo ni usiku wa kudumu. Aliye nyuma yake hasikiki mpaka mtu amtafutie njia ya kuzunguka.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Una visanduku vichache, bonde kubwa, na betri zinazopaswa kudumu miaka. Utaviweka wapi ili wa mwisho kabisa asikike, na wa katikati asiishiwe nguvu kwa kuwabebea wengine ujumbe? Njia za kuvipanga ni nyingi kuliko mtu awezavyo kuzijaribu zote maishani, hata kwa kompyuta. Kijana huyu alitumia mbinu waliyoibuni James Kennedy na Russell Eberhart mwaka 1995 kwa kutazama mwendo wa makundi ya ndege: kila ndege anakumbuka mahali pazuri alipowahi kutua, na wakati huohuo anaangalia mahali pazuri palipopatikana na kundi zima, kisha anaelekea kati ya hayo mawili. Niliwafikiria kweleakwelea wanaotumalizia mtama. Tumewafukuza kwa mawe na makopo miaka yote, kumbe wenzetu walikuwa wakisoma elimu katika mruko wao.

Lakini sifa yangu si ya programu. Kompyuta ilimpa jibu usiku. Asubuhi alikwenda kulitazama jibu lile kwa miguu. Sehemu mojawapo iliyochaguliwa ilikuwa ukingoni mwa mto, na mzee mmoja wa hapo akamwambia kwamba Tiva ikija kwa hasira huondoka na ukingo ule pamoja na mti wake. Kijana hakubishana. Alifuta, akaandika upya, akairudisha hesabu mwanzo. Nimewaona wenye vyeo vikubwa wakishindwa kufanya hivyo mbele ya mzee asiye na viatu.

Nchi hii ilijua zamani thamani ya kuona mbali. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivui wa Mwenda, aliuona Mlima Kenya na theluji yake, umbali unaozidi kilomita 150. Mabingwa wa jiografia huko Ulaya walimbishia kwa miaka mingi. Kivui hakuwa na haja ya ubishi. Habari za mlima ule alikuwa nazo kabla mgeni hajafika. Misafara yake ya pembe ilikwenda hadi pwani, na msafara hauendi bila watu wanaojua kilima kipi kinaonekana kutoka kilima kipi. Fundi wa mawimbi akielezwa habari hiyo anatambua mara moja jambo analolitafuta kila siku: kutoka hapa hadi pale hakuna kizuizi. Ukiweza kuona, unaweza kusikika.

Kwetu, upande wa Nzaui, Makueni, tulikuwa na jiwe la simu. Zilikuwa siku za mwanzo za simu za mkononi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijiji kizima kikiwa na simu za kuhesabika, na busta ya karibu, yaani mlingoti, ikiwa ng'ambo ya vilima. Nyumbani simu ilikuwa kipande cha plastiki cha kutazamia saa. Ili iwe simu, ilibidi uipandishe. Nyanya yangu, Susu, alipanda jioni jua likipungua makali, bakora mkono mmoja, simu imefungwa katika pindo la leso. Akifika jiweni hakukurupuka. Alisimama kwanza apate pumzi, akaugeuza uso upande wa Kilungu, akaweka mguu wa kulia mahali palepale pa siku zote, palipokuwa pameshaanza kung'aa kwa nyayo za watu, ndipo akafungua pindo.

Aliwafundisha wageni. Mkwe aliyetoka Mombasa alisimama pembeni kidogo ya mahali pale, akalalamika kwamba hapati kitu. “Sogea, mwanangu,” Susu akamwambia, “si hapo. Kiasi cha shubiri tu. Haya, ita sasa.” Naye akaita, akaitikiwa. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi. Wimbi linalokuja moja kwa moja hukutana na lile lililogonga mwamba likarudi. Mahali pamoja yanasaidiana, na shubiri moja kando yake yanauana. Kijana wa Tiva anapima jambo hilo kwa chombo chenye antena. Susu alilipima kwa unyayo na kwa subira, na vipimo vyake vilikuwa sahihi.

Halafu kulikuwa na flashi. Pesa ya kredo ilikuwa adimu, basi watu wakaweka mapatano. Simu ikilia mara moja ikakatika, ameshafika salama. Ikilia mara mbili, mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Ikilia tatu, mpigie hata kama ni usiku. Claude Shannon wa Marekani alionyesha mwaka 1948 kwamba habari inaweza kupimwa, na kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha habari inazoweza kupitisha. Akina mama wa Nzaui hawakumsoma Shannon, lakini walijua kuiweka habari nzito katika kitu chepesi kuliko vyote, yaani mlio usiolipiwa. Nawaheshimu kwa hilo. Kila neno lilipimwa kabla ya kutumwa kwa sababu lilikuwa na gharama, na lililotumwa lilisikilizwa.

Siku hizi busta imesogea karibu, na jiwe lile limepasuliwa kokoto za kujengea. Vitukuu wa Susu wana mtandao kitandani. Siombi wanyang'anywe. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna hata mmoja wao anayeweza kukuambia ujumbe wake umepitia kilima kipi.

Kama unataka kuuona ufundi huu ukiwa umekomaa, nenda Kyuso, kaskazini ya Mwingi. Kule maji ni ya pampu za mkono, na pampu ya mkono ikiharibika mama mmoja hatembei tena nusu saa bali nusu siku. Zamani ilipoharibika ilingoja. Mtu apeleke habari, habari ifike ofisini, ofisi itafute fundi, fundi atafute kipuri. Kwa wastani ngoja-ngoja hiyo ilichukua siku 27. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Rob Hope na Patrick Thomson wakiwa miongoni mwao, wakabuni kifaa kidogo kinachofichwa ndani ya mpini wa pampu. Ndani yake mna kihisi kinachotambua mpini unavyopanda na kushuka, na ndani yake mna simu. Kinahesabu mapigo, kinakadiria maji yaliyotoka, kisha kinatuma ujumbe mfupi. Mpini usipocheza siku nzima mahali ambapo watu huchota kila siku, mtu aliye mbali anajua kwamba pana shida kabla mwenyekiti wa kamati ya maji hajavaa kofia yake.

Waliufanya mpango huo kwa pampu 66 za Kyuso. Siku 27 zikashuka hadi chini ya tatu. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix, Kitui na Kwale, ambayo wanakijiji huilipia kidogo kidogo, nayo hutuma fundi kwa pikipiki.

Napenda kukaa juu ya jambo hili kwa sababu ya unyenyekevu wake. Hakuna aliyejenga kitu kirefu cha kuonekana toka barabarani. Walitafuta mahali ambapo mkono wa mwanamke hugusa chuma kila siku, wakatia sikio hapo. Hawakumwomba abonyeze kitufe wala ajaze fomu. Kuchota kwake maji kulikuwa tayari ni habari. Ujumbe ulikuwa mfupi kiasi cha kupita hata pale ambapo mtu hawezi kuzungumza kwa simu, kwani ujumbe mfupi hauhitaji njia iwe nzuri muda mrefu, unahitaji upenyo mmoja tu. Baadaye watafiti wa chuo hichohicho, wengine wakiwa wanafunzi wa uzamivu, wakagundua huko Kwale kwamba mtikisiko wa mpini unabadilika kadiri maji yanavyozama chini, hata mtu anaweza kukisia kina cha maji ardhini kwa kusikiliza pampu inavyotetemeka. Mpini mmoja ukawa sikio la ardhi.

Ng'ambo ya mto Tana ni nchi ya Mbeere, na huko ndiko tasnifu nyingine ilikokita mizizi. Muthoni Masinde, Mkenya, alihitimu uzamivu wake Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2012 kwa kazi aliyoipa jina la ITIKI. Alitaka kutabiri ukame. Akatumia vihisi visivyo na waya vya kupima hali ya hewa, akatumia simu za wakulima, na akafanya jambo ambalo wahandisi wengi wangelionea haya: akaweka maarifa ya wazee wa kijiji, miti gani imetoa maua na ndege gani wamefika, ndani ya mfumo uleule, yakae bega kwa bega na tarakimu za vyombo. Wazee wetu hutazama mambo hayo kila mwaka kabla ya kupanda mbegu. Aliwasikiliza kama mashahidi wanaoweza kupimwa na kuaminiwa. Nikimtazama kijana wa Tiva akifuta hesabu yake kwa sababu ya neno la mzee, naona yuko katika ukoo huohuo wa kazi.

Siwezi kuwapita akina mama wa Nthongoni, Kibwezi, ambao mwaka 2004 waliirusha Radio Mang'elete hewani kwa nguvu ya vikundi vyao, wakazungumza Kikamba juu ya mvua, mifugo na watoto. Kituo kilichofika vijiji vinavyokihusu, basi, nacho kikatosha.

Sasa nitazame tunakoelekea, na moyo wangu si mweupe. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Ni watu 37 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Makueni ni 120 hivi. Mwenye kupanga milingoti kwa faida anasoma tarakimu hizo, anafunga kitabu. Ndiyo maana ukipita barabara ya Mombasa usiku, kutoka Emali hadi Makindu hadi Mtito Andei, taa nyekundu za milingoti zinafuatana, kampuni tatu zimesimama kilima kimoja, kila moja na jenereta yake. Nawe ukiingia ndani kuelekea Mutha au Ngomeni, mtandao unakuaga njiani. Milingoti mitatu mahali pamoja! Fundi wa kweli angeona aibu kuitia sahihi ramani hiyo, maana kazi yake yote ni kukifikisha kidogo mbali.

Julai 2020 tuliambiwa kwamba maputo yatatuokoa. Loon, kampuni ya akina Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilirusha maputo kilomita 20 angani, yakaanza kutoa intaneti magharibi na katikati ya nchi. Ilikuwa kazi ya akili kubwa, sikatai, na waliopanga maputo yale yaelee na upepo pasipo kupotea walikuwa mafundi hasa. Kabla mwaka mmoja haujatimia wenye mali wakapiga hesabu wakaona haiwalipi, na Machi 2021 huduma ikakoma. Maputo yaliondoka pamoja na maarifa yake. Hakuna kijana wa Kitui aliyeachiwa kamba ya puto mkononi ajifunze.

Na sisi watumiaji tumekuwa wazembe. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, na katika herufi hizo tulizaa, tulizika, tulilipa mahari. Leo mtu hutuma video ya salamu za asubuhi yenye uzito unaoshinda barua zote za babu yake, kwa watu mia wasioifungua. Kila sekunde ya video hiyo inachukua nafasi hewani, na hewa ni mali ya pamoja isiyoongezeka. Aliye ukingoni mwa eneo la mlingoti, aliye na wati yake iliyogawanywa trilioni mia, ndiye anayesukumwa nje kwanza. Huyo mara nyingi ni mama wa Tseikuru anayeulizia bei ya mbuzi, au nesi wa zahanati anayetafuta gari la mgonjwa.

Linaloniuma zaidi ni daftari. Kazi za vijana kama yule wa Tiva zina ramani za mabonde yetu ambazo hakuna kampuni inayo: wapi mawimbi hufa Septemba, wapi hufa Desemba, wapi mzee alisema mto utabeba mti. Zinatetewa mbele ya watahini, zinajalidiwa kwa jalada gumu, zinawekwa. Mwenyewe anapata ajira Nairobi au ughaibuni, na anayekuja baada yake anaanza tena kuhesabu hatua hamsini hamsini kando ya mto uleule. Tunazika elimu ikiwa hai.

Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, hapa hapa Kitui, kimepewa hati tangu mwaka 2013. Serikali za kaunti ziko katika miji ya Kitui na Wote. Nawaomba wote watatu: wakusanyeni vijana hawa na madaftari yao, mlipe vipimo vyao kama mnavyolipa changarawe za barabara, na nakala zake ziwekwe katika ofisi za wadi, Kyuso, Mutha na Kibwezi, mahali ambapo chifu na fundi wa pampu wanaweza kuzisoma. Na atakayekuja kusimamisha mlingoti mwingine katika nchi hii, kabla hajachimba shimo la kwanza, apande kilima na wenyeji wa hapo, awaulize wanaposimama wakitaka kusikika.